Vyuma vya Kufika Kalundu

Kasenga, Uvira
Tarehe 4 Mei

Mdogo wangu Clovis,

Salamu kutoka kwa dada yako ambaye bado yupo. Mzigo wako ulifika Jumamosi. Jean-Marie aliuleta mwenyewe kutoka kwenye boti yao, akautua mlangoni na kusema, akiniita dada kama wewe, "Yaya, hii iko nzito sana. Clovis anakutumia bunduki?" Nikamwambia asicheze na neno hilo nyumbani kwangu. Alicheka peke yake.

Nimefungua. Kuna ubao mrefu wenye picha ya mnazi iliyochubuka, magurudumu manane, na jozi mbili za vyuma vile vya chini vinavyoshika magurudumu. Kumbe Ulaya watu wanasimama juu ya kitu hiki kwa starehe, na miguu yao yote miwili mizima! Mimi nitaukalia, Mungu atawasamehe.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yangu ilikwenda na siku ile ya Februari. Hata ningekuwa nayo, kwenye bariyeri, vile vizuizi vya barabarani, wenye silaha wanafungua simu na kusoma, na sitaki mtu asome kwamba mshonaji wa Kasenga anajiandaa kukimbia.

Maana ndiyo hiyo, Clovis. Ninaogopa. Tangu milio ya risasi ya Februari, vélo yangu, ile baiskeli ya kuendesha kwa mikono, ilipochukuliwa na watu nisiowajua, ukanibeba mgongoni hadi ule ukuta wa depo, lile ghala la sementi, sijasikia bati likigongwa bila kutafuta pa kujificha. Juzi jirani aliangusha sufuria nikajikuta chini ya meza ya cherehani. Sijui nilifikaje. Miguu yangu haijanifikisha popote tangu nikiwa na miaka mitatu, lakini chini ya meza nilifika.

Sitaki tena kuwa mzigo wa mgongo wa mtu. Nataka siku watakapoanza tena kupiga risasi nikae kwenye ubao, nivae kandambili zangu mikononi, nisukume mwenyewe hadi bandarini Kalundu. Sitaki mbio. Nataka mwendo wa mtu anayetembea, usionichosha na usionirusha. Wewe umevishika vyuma hivi kabla yangu. Niambie nifunge jozi ipi, ile pana au ile nyembamba. Fundi Frédéric, yule anayetengeneza chariot, ile mikokoteni ya wabebaji mizigo, amekubali kuifunga.

Mama Anne-Marie anakusalimu. Bado naishi kwake tangu aliponiokota. Magoti yake yamevimba, lakini ndagala zake, wale dagaa wa ziwani, anaziuza na mdomo wake haujavimba hata kidogo.

Dada yako,
Pudentienne


Kalemie
Tarehe 12 Mei

Yaya Pudentienne,

Nimesoma barua yako mara nne, mara ya mwisho chooni ili watu wa depo ya mitumba ninakofanya kazi wasinione.

Usifunge ile nyembamba. Nakuomba. Nilizijaribu zote mbili hapa kwenye uwanja tunapopakulia mabalo, marobota ya mitumba, ndimo nilimozipata. Nilijifunga miguu kwa kamba, nikakaa kama wewe unavyokaa, nikasukuma kwa mikono. Wenzangu walidhani nimerukwa na akili. Jozi nyembamba ni ndefu kwenda juu na inapinda kwa kuguswa tu. Ukigeuza kichwa kumsalimia mtu, tayari ubao umeingia mfereji. Kwenye mteremko wa kwenda gatini ilianza kutikisika chini yangu, kushoto kulia, kushoto kulia, kila mara kwa nguvu zaidi, hadi nikapiga kelele kama mtoto. Nilijirusha pembeni. Ningekuwa na dada yangu juu ya kitu kile ningekufa kwa hofu.

Jozi pana ndiyo yako. Upana wake ni shibiri moja na vidole viwili. Ile bolti kubwa ya katikati imelala, haijasimama kama kwenye ile nyingine. Ukiinama kulia ubao unakwenda kulia, lakini polepole, unakuachia muda wa kuwaza. Ukiacha kusukuma, unateleza hatua sita au saba kabla ya kupungua. Mikono inapumzika, na hicho ndicho unachotafuta. Kwenye kila bolti kuna raba mbili. Weka zile za njano, ngumu. Za rangi ya chungwa ni laini, zinapendeza kupinda, lakini hazimfai mtu anayekimbia risasi.

Yaya, lakini kwa nini ujiandae kwenda peke yako? Mimi nitakuja kukuchukua. Nangoja tu barabara itulie na bariyeri zipungue, maana vijana wa umri wangu wanashushwa kwenye boti na wengine hawarudi. Hapa kila nikiona watu wenye sare nahama upande wa barabara.

Na ule ukuta, yaya. Ulijua kwamba nilirudi? Nilikwambia "Dakika kumi, narudi," nikarudi, sikukukuta. Nadhani Mama Anne-Marie alikuwa ameshakuokota. Sijawahi kupata nafasi ya kukueleza vizuri.

Clovis


Kasenga
Tarehe 21 Mei

Mdogo wangu Clovis,

Cheka kwanza, kisha utulie.

Frédéric alifunga jozi pana na raba za njano, akakaza kila kitu kwa spana yake kubwa, akasimama kando akijipongeza. Nikakaa, nikasukuma, ubao ukaenda vizuri kabisa mbele ya kanisa. Nikainama kulia ili nipishe pikipiki. Ubao haukupinda! Ulikwenda upande, mzima mzima, kama kaa wa ziwani, pua ikiwa bado inatazama mbele. Nikaingia kwenye mfereji na wanakwaya wakitazama.

Frédéric aliinama chini akachungulia, akajikuna. "Hii vyuma yenu iko ya ujinga, yaya. Minye nimeifunga sawa na chariot, yote inatazama mbele. Miaka kumi na tano natengeneza chariot, hakuna muntu alianguka." Basi niambie, vinapaswa kutazama wapi? Mimi sikuumia. Mkwaruzo tu.

Swali lingine. Je, vyuma hivi vinaweza kubeba watu wawili? Nauliza tu.

Alhamisi tulisikia milio upande wa milimani, mchana kweupe. Soko lote lilisimama. Mama mmoja alikuwa akipima unga, mkono wake ukabaki juu na kikopo. Halafu ikanyamaza, mama akamimina unga, watu wakaendelea kununua, lakini hakuna aliyepatana bei. Nilirudi nyumbani nikiwa nimebebwa na Mama Anne-Marie kwenye toroli lake la samaki, na magoti yake yale. Njia nzima nilimsikia akivuta pumzi. Niliona aibu, Clovis, na hofu yangu ilikuwa kubwa kuliko aibu, kwa hiyo sikumwambia asimame.

Kuhusu ukuta, tuuache kwanza.

Dada yako,
Pudentienne


Kalemie
Tarehe 30 Mei

Yaya,

Mkwaruzo tu! Jean-Marie ameniambia mkono wako wa kulia umefungwa kitambaa hadi kwenye kiwiko na umepoteza jino la mbele. Kwa nini unanificha? Niliacha balo la mitumba katikati ya uwanja hadi msimamizi akaniita jina.

Kosa ni langu. Nilisahau kwamba Frédéric ni mtu wa chariot. Sikiliza, umsomee na yeye. Vyuma hivi viwili havitazami upande mmoja. Vinapeana mgongo. Cha mbele, ile bolti kubwa itazame mbele. Cha nyuma, itazame nyuma. Hapo ukiinama, magurudumu ya mbele yanakwenda unakotaka na ya nyuma yanakwenda kinyume, na ubao unazunguka kama inavyotakiwa. Vikitazama upande mmoja vyote vinakwenda pamoja, ndiyo yule kaa wako.

Pia akate vipande viwili vya tairi la pikipiki, aviweke kati ya ubao na vyuma. Vitauinua kidogo ili gurudumu lisiguse ubao unapoinama sana. Likigusa, linakwama palepale na wewe unaendelea mbele bila ubao. Usikae nyuma. Uzito uwe mbele kidogo, kwa sababu ukikaa nyuma ndipo mtikisiko unapoanza. Na ukianza, usijikaze. Lala mbele, gusa lami kwa kandambili zote mbili, polepole.

Watu wawili? Nani huyo wa pili, yaya? Nilicheka kidogo nikidhani umepata mchumba. Nilipakia mifuko miwili ya sementi, kilo mia moja, nikakaza nati za zile bolti kubwa za katikati nusu mzunguko, nikausukuma mteremkoni. Haukutikisika. Lakini kusukuma kilikuwa kibarua. Mtu wa mikono miwili atakwenda nusu ya mwendo wake.

Sasa nikueleze kuhusu ukuta, hata kama umesema tuuache, maana hauniachi. Nilipofika Kalundu nilitafuta pikipiki. Nikapata. Nikarudi nayo hadi pale kwenye depo, nikashuka, nikaita jina lako mara nyingi. Chini ya ukuta nilikuta kitenge chako cha bluu, kile cha ndege, kimekanyagwa. Nilikilalia nikalia. Watu wakanivuta kwa nguvu, wakaniambia dada yako wamekwisha kumchukua. Ndivyo ilivyokuwa.

Nitakuja. Mwezi huu haujaisha nitakuja.

Clovis


Kalemie
Tarehe 10 Juni

Yaya Pudentienne,

Hujanijibu. Siku kumi na moja. Tangu juzi boti zinaingia hapa zimejaa watu wa Uvira, wamekaa hadi juu ya injini. Wanasema milio imekaribia mji. Kila boti ikifunga kamba nakwenda gatini na kuangalia chini, kwenye miguu ya watu, kwa sababu wewe utakuwa chini. Nimeangalia hivyo kwenye boti saba. Watu wanadhani nimeangusha kitu.

Jean-Marie anaondoka saa hii kurudi Kalundu kuchukua wengine, nami naandika mbio kabla ujasiri haujanitoka.

Sikurudi, yaya.

Hakuna pikipiki. Hakuna kitenge. Nilipofika bandarini boti ilikuwa inafungua kamba. Nilitaka kumwomba Jean-Marie atungoje. Alinyoosha mkono akidhani nataka kupanda, na mguu wangu mmoja ukawa tayari ndani. Nikautazama ule mguu. Nilikuwa na muda wa kuutoa. Nyuma yangu kitu kililipuka na nikauvuta wa pili. Hakuna aliyenisukuma. Nimetafuta mtu aliyenisukuma tangu Februari na sijampata.

Vyuma hivi nilivipima siku nne, kamba miguuni, mpaka magoti yakachubuka, kwa sababu ndicho kitu pekee nilichojua kukifanya bila kurudi huko. Naogopa Uvira. Naogopa bariyeri. Lakini zaidi naogopa siku utakaponitazama usoni. Ukiipata barua hii na hutaki kuniona tena, mwambie Jean-Marie, nitaelewa.

Kaza nati. Uzito mbele.

Mdogo wako,
Clovis


Kasenga
Tarehe 9 Juni

Mdogo wangu,

Sikujibu kwa sababu mkono ulikuwa haujapona, na kwa sababu nilikuwa na hasira. Sasa mkono umepata nafuu.

Frédéric aligeuza chuma cha nyuma, akaweka vipande vya tairi. "Kumbe vinanuniana," akasema, "njo maana vinapinda." Ubao sasa unasikia. Ninainama kidogo na wenyewe unakwenda. Nimezunguka Kasenga wiki nzima, nimejifunga kiunoni ili nisiteleze, watu wamezoea kunipisha. Magurudumu yako makubwa yanapita juu ya changarawe bila kukwama. Mikono inauma jioni, lakini ni maumivu ya kazi, siyo ya woga. Ulichagua vizuri. Hilo nakupa.

Jana nilifanya jaribio lenyewe. Nilikwenda hadi ukuta wa depo ya sementi, nikausimamisha ubao palepale uliponiweka. Nilimwomba muuza vocha aliyekaa hapo aniambie saa, kisha nikasukuma hadi gatini Kalundu na kuuliza saa tena. Dakika ishirini na tatu. Kwa mikono, Clovis, na mmojawapo ulikuwa bado na kidonda. Wewe ulikuwa na miguu.

Kile kitenge cha ndege ndicho kilichonifunga kiunoni. Sijawahi kukipoteza. Kiko juu ya mapaja yangu ninapoandika. Nilikaa pale ukutani siku mbili. Niliogopa kuita jina lako kwa sauti, nikawa naliita moyoni, na kila aliyepita mbio nilimtazama viatu kwanza. Mama Anne-Marie alinikuta siku ya pili, si kabla. Alikuwa amerudi kutafuta beseni lake la samaki, akaliacha beseni akanipakia mimi.

Kwa hiyo usiniandikie tena habari za pikipiki. Nilikuwepo.

Sijui kama nimekusamehe. Nikikaa kwenye ubao huu nasema ndiyo, huyu mtoto alijifunga miguu kwa kamba kwa ajili yangu. Nikipita kwenye ukuta nasema hapana. Nitangoja nione lipi linadumu.

Tarehe 11 Juni, Kalundu, bandarini

Clovis, barua ilikuwa bado kwenye blauzi yangu. Naongeza haraka, utasoma utakavyoweza.

Walianza asubuhi, karibu kabisa. Nimekuja. Nilipenya kati ya miguu ya watu, chini, mahali ambapo hakuna anayetazama. Kwenye mteremko ubao ulianza kutikisika, nikalala mbele kama ulivyosema, nikagusa lami, ukatulia. Nililia nikisukuma, lakini nilisukuma.

Nilitoka na Mama Anne-Marie. Ndiye yule wa pili uliyeniuliza. Nilimwambia akae nyuma yangu, vyuma vitabeba, mdogo wangu amevipima na sementi. Akakataa. "Weye utachoka mu njia, tutakufa wawili. Minye natembea." Alitembea hadi ukutani, palepale, magoti yakakataa. Akakaa chini. Risasi zilikuwa zinalia. Mikono yangu ilikuwa imekwisha nguvu, na nilijua nikimpakia wakati ule hatutafika. Akaniambia nitangulie nimwombe Jean-Marie ashike nafasi mbili.

Nikamwambia, "Dakika kumi, narudi."

Maneno yaleyale yalinitoka mwenyewe, sikuyachagua. Alinitazama, akatikisa kichwa kukubali, kama nilivyokubali mimi.

Sasa nipo hapa. Boti iko mbele yangu, naweza kuugusa ubavu wake. Jean-Marie amenipa barua yako, nimesoma mstari mmoja tu, ule mfupi wa "Sikurudi, yaya." Nilikuwa najua. Lakini nilikuwa sijui jambo lingine, na leo nimelijua: ukiwa hapa, mdogo wangu, na boti ikiwa hapa, mwili mzima unataka kupanda. Mimi miguu yangu haitembei na bado niliisikia ikitaka kupanda. Ninaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, na sikuhukumu tena. Hilo ulijue, hata ikiwaje.

Kapteni amesema, "Dakika makumi ine, kisha minye natoa kamba." Arobaini. Nimepiga hesabu. Kwenda ni ishirini na tatu. Kurudi na mtu mzima nyuma yangu ni zaidi ya hapo. Haitoshi. Jean-Marie anasema haitoshi, ameshika ubao wangu na hataki kuuachia, analia.

Nimemwomba spana. Amekaza nati nusu mzunguko, mbele na nyuma, kwa watu wawili. Barua hii nampa yeye, itakufikia hata mimi nisipofika.

Vyuma vyako havitikisiki. Ninarudi ukutani.

Pudentienne